Bibi wa Kwenye Chupa

Mwalimu Ebenezeri Njau alifundisha hesabu mpaka alipostaafu, na waliomfahamu kule Mwika walisema hakuwahi kununua hata pakiti ya mbegu bila kusoma maandishi ya nyuma. Hilo ndilo lililomkwaza Inspekta Justina Mallya tangu jalada lilipofika mezani kwake. Kadi ya kliniki ilikuwa ya mgonjwa wa kisukari asiyekosa tarehe. Kisha, baada ya Pasaka, mahudhurio yalikatika. Mzee aliacha sindano za insulini, akaanza kunywa maji ya kijani kutoka kwenye chupa yenye picha ya bibi anayetabasamu. Mwezi Juni alikutwa kitandani hajitambui, akafa kabla gari halijafika kwenye lami.

Chupa yenyewe ilikuwa mezani, ndani ya mfuko wa vielelezo. Lebo ilisema Siri ya Bibi. Chini ya maneno hayo palikuwa na uso wa Bibi Elisifa, jirani wa marehemu, amevaa kitambaa cha kanisani kichwani na ameshika jani refu kama anamkabidhi mnunuzi. Picha hiyohiyo ilikuwa imezunguka Facebook, Instagram na makundi ya WhatsApp tangu mwezi wa tatu. Mkemia alikwisha kuandika kilichomo: majani ya mparachichi yaliyochemshwa na rangi ya keki.

Kuhusu dawa hapakuwa na ubishi tena. Mwenye biashara, Fabian Kessy, alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, na shauri lake lilikuwa linajiandika lenyewe. Kilichobaki ni swali moja. Bibi Elisifa alikuwa mshirika, au hakuwa? Pamela, binti wa marehemu, alikuwa amelalamika rasmi kwamba mama huyo aliuza uso wake akijua. Jumatatu jalada lingekwenda kwa mwendesha mashtaka, likiwa na jina moja la mshtakiwa au mawili.

Fabian alitaka yawe mawili. Alieleza kwa utulivu, huku amekunja mikono ya shati, kwamba yeye si tabibu, ni mtu wa masoko. Anatengenezea watu brandi. Bidhaa isiyo na sura ya mtu haiuziki mtandaoni, na hapa Kilimanjaro hakuna sura inayoaminika kama ya bibi wa mlimani. Dawa ilikuwa ya bibi, ujuzi ulikuwa wa bibi, yeye alifungasha tu. Tena alikuwa na idhini yake.

"Iko wapi?" aliuliza Inspekta.

"Kwa sauti, afande. Wazee hawa kalamu inawapa shida." Akafungua simu iliyowekwa mezani kama kielelezo, Koplo Isack akiisimamia, akabonyeza.

Sauti ya mama mtu mzima ilijaza chumba. Ilisema kwa Kichagga, polepole, kwamba yeye bibi amekubali picha yake itumike kwenye dawa na hana kinyongo na mtu. Ilikuwa sauti ya kweli, na nyuma yake palisikika kelele za soko. Isack alimtazama bosi wake kama mtu aliyeona mlango ukifungwa.

Inspekta aliomba irudiwe. Aliisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Huyu ni nani?"

"Si nimesema. Elisifa mwenyewe."

"Unaelewa anachosema?"

"Kichagga changu ni cha kuombea maji, afande. Nimekulia hapa mjini, Majengo. Lakini si amesikika? Amekubali."

"Amekubali kwa Kimachame."

Fabian alicheka kidogo. "Si Kichagga hichohicho?"

"Bibi Elisifa kazaliwa Mwika na kaolewa Mwika. Mimi ni wa Kibosho, tunapakana na hao Wamachame wa Hai, ndiyo maana namwelewa huyu mama. Mwika wakimsikia watamwomba aseme Kiswahili." Inspekta aliisogeza simu pembeni. "Ulimtoa wapi?"

Ilichukua muda, lakini haikuwa kazi ngumu. Mara ya kwanza Fabian alisema labda faili zimechanganyika. Mara ya pili alisema hakumbuki. Mara ya tatu alikiri kwamba alikwenda soko la Kwa Sadala, kule Machame, akamwomba muuza ndizi mmoja aseme maneno hayo, akimdanganya kwamba ni ya kipande cha tamthilia. Alifanya hivyo wiki moja baada ya mazishi, aliposikia kwamba polisi wanauliza kuhusu picha.

Baada ya hapo alitoa neno la siri la kompyuta yake bila kuombwa mara mbili.

Picha ya asili ilikuwa kwenye folda iliyoitwa Kahawa. Inspekta alimwacha Isack aifungue na kuikuza mpaka ikajaza kioo. Ilikuwa pana kuliko ile ya kwenye lebo. Fabian alikuwa amekata pande tatu. Upande wa kulia, mahali palipokatwa, palikuwa na mikono miwili ya mwanamume mzee, imefunguliwa kupokea. Upande wa kushoto, tangu juu mpaka chini, ulipita ukanda mweupe wenye matundu: ukingo wa pazia la kufuma. Na lile jani, ambalo kwenye chupa lilionekana kipande tu, lilikuwa zima, na katikati limefungwa fundo.

"Hilo jani ulidhani ni nini?" aliuliza Inspekta.

"Nilidhani ndiyo dawa yenyewe," alisema Fabian. "Ndiyo maana nililipenda."

Isack aliangalia chini. Yeye ni wa Old Moshi na alilijua. Lilikuwa isale. Wachagga hulipanda mipakani na makaburini, na likifungwa fundo hubebwa na mtu anayekwenda kuomba msamaha. Anayeletewa hana ruhusa ya kulikataa. Akishalipokea, kosa lile halitajwi tena, si na aliyekosa wala na aliyekosewa.

Fabian alisema picha aliletewa na mteja wa zamani, mwanamke aliyekuwa akiuza kahawa ya kusaga mtandaoni na kumlipa amtengenezee matangazo. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Mteja alijiita Mama Kahawa, akatuma picha, akalipa, biashara ikafa, na laini yake ya simu ikafa nayo. Isack aliijaribu namba hiyo palepale, haikupatikana.

"Picha ilikuwa nzuri mno kuiacha ilale," alisema Fabian.

"Ulimwuliza bibi mwenyewe?"

"Afande, nilimwona amezeeka. Nilidhani alishafariki."

Inspekta aliliandika jibu hilo kama lilivyo, akamwambia atie sahihi.

Walipokuwa wakipanda kwenda Mwika, Isack alitoa wazo lake. Mjukuu wa Bibi Elisifa, Calvin, ni mwongoza watalii, na huwapitisha wageni kwa bibi yake kuona kahawa ikitwangwa. Kila mgeni ana kamera. Mmoja wao angeweza kupiga picha hiyo, ikazunguka mtandaoni mpaka ikamfikia huyo Mama Kahawa. Lilikuwa wazo la busara, na mpaka asubuhi hiyo Inspekta mwenyewe alikuwa amelishika.

Sasa alilikataa kwa sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa ndani ya faili. Picha ikipita kwenye mitandao huvuliwa taarifa zake, lakini hii ilikuwa nazo zote: aina ya simu, na tarehe, Jumapili moja ya Januari mwaka juzi. Haikuokotwa popote. Aliyeipiga ndiye aliyeituma, faili zima, kutoka kwenye simu yake. Ya pili ilikuwa fundo.

"Hakuna bibi wa Mwika atakayefunga isale fundo ili Mzungu apige picha," alisema.

"Hata kwa kuigiza?"

"Wewe bibi yako angeigiza?"

Isack alibadilisha gia. Mlima haukuonekana. Wingu la Julai lilikuwa limeshuka mpaka kwenye migomba, na manyunyu yaliyokuwa yakianguka hayakutosha kuitwa mvua wala kuacha kitu kikavu.

Bibi Elisifa alikuwa amekaa kibarazani, amevaa viatu vya kanisani. Pembeni yake palikuwa na mfuko wa nguo uliofungwa vizuri. Inspekta alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunichukua?"

Inspekta alisema bado. Alivuta kigoda, akaketi, na kabla ya kuuliza lolote akamwacha mama aseme hali yake. Maneno yalitoka machache. Siku ya mazishi, watoto wa Mwalimu walimzuia getini, mbele ya watu, akarudi na maziwa aliyowapelekea wafiwa. Tangu siku hiyo wanawake wanaokusanya maziwa hawachukui ya kwake. Wanasema wateja wanauliza ni ya nani. Kanisani anakaa benchi la peke yake, si kwa kufukuzwa. Wengine wanapata sababu ya kukaa kwingine. Calvin alirudi mjini akisema atatafuta wakili, na hajarudi. Alipomaliza alinyoosha kitenge chake magotini, akangoja.

Inspekta alimpa simu yenye picha nzima. Bibi Elisifa aliishika mbali na uso, kama wanavyofanya wazee, akaitazama kwa muda mrefu.

"Siku hii hapakuwa na mtu wa picha," alisema hatimaye.

"Ni wewe, bibi?"

"Ni mimi."

"Na mikono hii ni ya nani?"

Alimrudishia simu. "Hilo limekwisha."

Inspekta alimweleza taratibu, bila kumtisha. Sauti iliyodaiwa kuwa yake imethibitika ni ya uongo, na hilo ni jema. Lakini picha si ya uongo. Mahakamani Fabian atasimama aseme kwamba bibi alisimama mbele ya kamera, akashika jani, akatabasamu, na kwamba anakana kwa sababu mtu amekufa. Ili kumjibu, lazima ionyeshwe picha ilipigwa wapi, na nani, na kwamba mwenyewe hakujua. Anayejua ilipigwa wapi ni yeye peke yake.

"Waambie sikujua."

"Nimewaambia. Wanataka kuonyeshwa."

"Basi andika kwamba bibi amekataa kusema."

"Nikiandika hivyo, Jumatatu jina lako litakuwa la pili kwenye hati ya mashtaka."

"Litakuwa la pili." Aliuvuta mfuko wa nguo karibu na mguu wake. "Mwanangu, kwa jina lako wewe ni wa Kibosho, unalijua jambo hili. Isale likishapokelewa hulitaji. Nikilitaja nimelivunja. Na wa kunisamehe mara ya pili hayupo."

Isack, aliyekuwa amesimama kwenye ngazi, aliinua kichwa. Inspekta hakuuliza tena. Alimshukuru, akamwomba asiondoke nyumbani, akatoka nje ya ua mpaka kwenye mfereji wa maji unaotenganisha kihamba hicho, shamba la nyumbani, na cha jirani, marehemu Mwalimu.

"Amesema hayupo," alisema Isack.

"Nimesikia."

Mtu aliyekuwa hai Januari mwaka juzi, na sasa hayupo. Mwanamume mzee. Mtu wa karibu kiasi cha kukosewa, kwa sababu watu hukosana na wale wanaopakana nao. Ng'ambo ya mfereji, kati ya migomba, palikuwa na kaburi ambalo udongo wake ulikuwa haujakaa. Mwalimu wa hesabu, asiyeamini tangazo lolote, aliamini hili moja. Inspekta alikuwa amejiuliza wiki nzima tangazo lilimwambia nini mzee huyo. Sasa aliona kwamba halikuwa na haja ya kumwambia kitu. Lilimwonyesha mwanamke aliyesimama uani kwake na isale mkononi.

Walivuka mfereji kwa ubao uliolazwa juu yake.

Pamela aliwapokea mlangoni akiwa na kanga ya msiba mabegani. Alikuwa mwanamke wa miaka ya thelathini na kitu, mwenye sauti ya chini, aliyeacha chumba chake mjini tangu mwaka jana ili amtunze baba. Aliwakaribisha sebuleni, akauliza kama yule mama amekwisha kukamatwa. Inspekta alisema kazi bado inaendelea. Pamela akaenda jikoni kuweka chai.

Inspekta alikuwa ameketi kwenye sebule hiyo mara moja kabla, siku ya kuchukua malalamiko, na alikuwa ameketi akilipa mgongo dirisha. Safari hii alisimama mbele yake. Pazia lilikuwa jeupe, la kufuma kwa mkono. Kupitia matundu yake alimwona Isack uani, akakunja kidole kumwelekeza: hatua moja kulia, sasa nyuma, hapo. Aliinua simu yake, akasogeza ukingo wa pazia mpaka ukaingia kwenye picha upande wa kushoto. Nyuma ya Isack palikuwa na tangi la maji lenye kiraka cha saruji. Aliifungua picha ya Fabian, akaziweka mbili bega kwa bega. Kiraka kilikuwa palepale.

Pamela alirudi na birika, akamkuta hajaondoka dirishani.

"Simu unayotumia sasa, dada Pamela, umeinunua lini?"

"Mwaka jana."

"Ya zamani ilikuwa ya aina gani?"

Pamela aliitaja. Ndiyo iliyoandikwa ndani ya faili. Aliweka birika mezani kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Na uliwahi kuuza kahawa?"

Pamela aliushika mgongo wa kiti.

"Kaa chini," alisema Inspekta. "Huna ulazima wa kusema. Ukisema nitaandika, na kilichoandikwa kinaweza kutumika dhidi yako. Nimemwona Isack mahali aliposimama Bibi Elisifa. Najua ilipigwa hapa. Sijui kwa nini ulinyamaza."

Isack aliingia, akaketi karibu na mlango, akafungua karatasi.

Pamela alianza kwa kujitetea, na sehemu hiyo ilikuwa ndefu. Kahawa ya baba yake ilikuwa inauzwa kwa bei ya kutupa. Alitaka kuisaga, kuifunga, kuiuza mtandaoni kwa jina lenye mvuto. Mtu wa matangazo, aliyempata mtandaoni, alimwambia anahitaji sura. Wakati huohuo alikumbuka picha aliyonayo kwenye simu. Siku ile alikuja kusalimia tu. Alimwona Bibi Elisifa akivuka ubao, baba akatoka, wakasimama kimya, jua la asubuhi limewaangukia. Mwaka mmoja kabla, Bibi Elisifa alikuwa amemsema baba mbele ya wazee wa kanisa kwamba anamwibia zamu ya maji. Ikaja kujulikana kwamba haikuwa kweli. Pamela alijua maana ya isale. Alipiga hivyohivyo.

"Palikuwa pazuri," alisema. "Sikuwaza zaidi ya hapo."

Hakumwomba Bibi Elisifa ruhusa. Asingeweza kumwomba bila kumwambia kwamba alimchungulia. Alijiambia kwamba mama yule hana simu ya kisasa na hataona. Aliweka picha kwenye pakiti, Fabian akaisambaza, kahawa haikununuliwa, na miezi michache baadaye akafunga ukurasa na kubadilisha laini kwa sababu ya wadai wa usafirishaji. Aliisahau picha.

"Uliiona lini kwenye dawa?"

"Baba ndiye aliyenionyesha."

Isack aliacha kuandika, kisha akaendelea.

"Alisemaje?"

Pamela alivuta kanga mpaka shingoni. "Aliniita. Akasema, tazama, Elisifa huyu. Nikamwambia baba, mtandaoni wanadanganya. Akasema, wengine wanadanganya. Aliyeniletea isale hawezi kuniambia uongo. Na kumwendea kumuuliza siwezi, jani lile halitajwi."

"Na wewe ukasema nini?"

"Sikusema kitu."

"Kwa nini?"

"Ningemwambia picha ni yangu? Ningemwambia nilisimama hapa ndani nikapiga isale lake, nikauzia kahawa?" Alisema hivyo bila kupandisha sauti. "Nilidhani ni majani tu. Majani hayaui. Sikujua ameacha sindano."

"Ulijua lini?"

Nje, ng'ombe wa jirani alilia mara moja.

"Wiki ya mwisho," alisema Pamela. "Nilifungua friji, nikakuta insulini alizopewa Aprili hazijaguswa. Nikasema nitamwambia Jumapili, akitoka kanisani. Akiwa ametulia."

Ebenezeri alikufa Ijumaa.

Kaka zake walipofika kutoka Dar, jambo la kwanza waliloliuliza ni nani aliyemshauri baba aache dawa za hospitali. Chupa ilikuwa mezani, uso juu yake. Pamela alisema: Elisifa. Baada ya hapo kila siku iliyopita ilifanya kusema ukweli kuwe kugumu zaidi, mpaka kaka zake wakamwambia aende polisi, na akaenda.

Isack alimsomea maelezo yote kuanzia mwanzo. Pamela alisahihisha neno moja, jina la kijiji alichosomea, akatia sahihi. Inspekta alimweleza kinachofuata. Malalamiko yake dhidi ya Bibi Elisifa yataondolewa. Kutumia picha ya mtu kwa biashara bila idhini yake ni kosa, na kutoa taarifa ya uongo polisi ni kosa jingine. Yote mawili yatakwenda kwa mwendesha mashtaka. Kuhusu Jumapili ile ambayo haikufika, alisema, sheria haina kifungu anachokijua.

"Kaka zangu watajua?"

"Leo. Ukiwapigia wewe kabla yangu, itakuwa afadhali."

Pamela aliuliza kama lazima bibi naye aambiwe. Inspekta alisema ni uso wake.

Manyunyu yalikuwa yamekatika walipovuka tena ubao. Bibi Elisifa alikuwa kibarazani vilevile. Inspekta hakutaka kukaa safari hii. Aliposimama tu mama alimtazama viatu, kisha mikono, kama anayetafuta pingu.

"Bibi, jina lako limetoka kwenye jalada. Sikukuuliza jambo lile na hukulitaja. Nimelipata kwingine."

Alimweleza kwa kifupi: picha ilipigwa kutoka ndani, kupitia dirisha, na Pamela, aliyempa mtu wa matangazo picha hiyo kwa ajili ya kahawa, na mtu huyo akaitumia kwa dawa. Bibi Elisifa alisikiliza mpaka mwisho. Hakumtukana Pamela. Aliuliza kama kanisani wataambiwa. Inspekta alisema ataonana na wazee wa usharika mwenyewe kabla ya ibada ya Jumapili, na mwenyekiti wa kitongoji leo hii, na watoto wa Mwalimu wanapigiwa sasa hivi.

"Kwa hiyo watu wote watajua si mimi niliyemwambia aache sindano."

"Wote."

Mama alitikisa kichwa kukubali. Alitazama ng'ambo ya mfereji.

"Na Mwalimu? Mpaka anakufa, kuna mtu alimwambia?"

Isack alianza kusema kwamba hilo ni gumu kulijua. Inspekta alimkatisha. Jibu lilikuwa kwenye karatasi mkononi mwake, na lilikuwa na sahihi.

"Hapana, bibi. Aliamini ni wewe."

Bibi Elisifa aliinamisha uso, akavua kiatu kimoja cha kanisani, kisha cha pili, akavipanga ukutani.

"Basi kwake ni mimi niliyemwambia," alisema.